Kantori Aliyesahauliwa na Kinanda cha Mama Veronika

Vijana, katika Tabora nzima mwenye stashahada ya ufundi wa vinanda vya kanisani iliyopatikana Ujerumani ni mimi peke yangu. Naliweka hili mwanzoni ili tusisumbuane baadaye. Stashahada yenyewe iko ukutani sebuleni kwangu, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, nyuma ya kioo. Anayetaka kuiona anakaribishwa. Wengi wameshaiona, wengine mara mbili.

Kazi nimeiacha mwaka huu kwa sababu ya magoti na sikio la kushoto. Ninyi mnaopiga vinanda vya umeme mnapenda kuniuliza nilijifunza wapi kusikia. Huwa nawatajia chuo changu, na hilo si uongo. Lakini chuo kilinifundisha mikono. Masikio nilifundishwa na Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kisha na mama mmoja wa upande wa Usinge, ambaye alinifundisha baada ya mimi kumharibia.

Nianze na marehemu. Alikuwa mtunzi wa muziki katika mji mdogo, mji wenye kanisa moja na soko moja. Alipiga kinanda Jumapili, akafundisha watoto kuimba siku nyingine, na mtu wa kazi hiyo kule huitwa kantori. Jina lake lilikuwa refu na sisi wanafunzi hatukulitumia, tulimwita Kantori tu, nami nitamwita hivyohivyo. Alitunga nyimbo za ibada za kutosha kujaza kabati, na juu ya hapo akaandika kitabu kinene kuhusu muziki: namna ya kutunga, namna ya kulinganisha sauti za kinanda, namna ya kutunza ngozi na mbao. Kosa lake lilikuwa mdomo. Aliwakosoa watunzi wakubwa wa zama zake kwa maandishi, nao wakamjibu, naye akawajibu tena, mpaka ikawa hakuna anayemwalika popote. Alipokufa, nyimbo zake zikafa naye. Nilipofika mimi chuoni, mwalimu wetu mkuu alimjua kama jina linalotajwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.

Nilikutana naye kwa sababu ya vumbi. Nilipangiwa kusafisha rafu za maktaba, na kitabu chake kilikuwa rafu ya chini kabisa. Kimeandikwa kwa zile herufi za kale za Kijerumani zenye mikia na miiba, ambazo wanafunzi wenzangu, Wajerumani wa kuzaliwa, walizitazama kama mimi nilivyoitazama theluji. Nilikaa na kitabu kile miezi mitatu mpaka herufi zikakubali. Baada ya hapo, mimi, mtoto wa mkulima wa pamba wa Nzega, nilikuwa nawasomea Wajerumani Kijerumani chao kwenye ngazi za bweni. Mmoja aliniambia hajawahi kuaibishwa hivyo tangu azaliwe. Nikamwambia azoee.

Nilinakili kitabu kile kwa mkono kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Si chote, nilinakili niliyoona yanafaa. Kumbukeni neno hilo, niliyoona.

Nilirudi Tabora na stashahada, sanduku la vifaa, daftari, na kipimo cha umeme chenye taa. Unapiga sauti, kipimo kinasikiliza, taa nyekundu ikiwaka sauti iko nje, kijani ikiwaka iko sawa. Siku hizi mnacho kwenye simu. Wakati ule watu walikuja karakana kukitazama tu.

Nilirudi pia na gundi ya Ulaya, na hapa ndipo nilipopata kichapo changu cha kwanza. Kinanda cha kukanyaga kina mivukuto chini, yaani mifuko ya ngozi inayosukuma upepo unapokanyaga. Mivukuto ya kinanda cha shule moja ya hapa mjini ilikuwa imetobolewa na panya. Nikaibandika ngozi mpya ya kiwandani kwa gundi yangu, safi kabisa, nikapiga picha. Ulipofika mwezi wa kumi, jua la Tabora likaikausha gundi ile ikawa kama maganda ya karanga. Kinanda kikapumua kama mzee mwenye pumu, kisha kikanyamaza katikati ya sala ya asubuhi.

Jirani yangu pale Ng'ambo alikuwa Fundi Shabani, mshonaji wa mikoba na viti vya baiskeli, mtu wa ukoo uliokaa mjini tangu misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita kwenda Ujiji. Hakuwahi kuingia kanisani maisha yake yote na hakujua kinanda kinafananaje kwa ndani. Nilimpelekea ule mvukuto, akaukunjua, akaunusa.

"Mtoto wa Ulaya," akaniambia, "hii ngozi ni ya mgongoni. Mgongo haukunjwi. Wewe unakunja mgongo?"

Nikamwambia kila kitu kimefanywa kwa kipimo.

"Basi kiambie kipimo kikapumue."

Akanionyesha: kwa kitu cha kukunjwa kila siku, chukua ngozi ya mbuzi sehemu ya tumbo, ilainishe kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo, ishone kwanza, kisha ndiyo ubandike kwa gundi ya kuchemsha. Nta nzuri kuliko ya kwetu haipatikani kokote, na mimi nilikuwa nimesafiri na makopo kutoka Ulaya. Jioni ile nilifungua daftari langu nikakuta Kantori ameandika karibu maneno hayohayo, ya tumbo na ya nta, nami nimeyanakili kwa mwandiko mzuri na kuyapigia mstari. Ndivyo tulivyo sisi wasomi, tunapigia mstari. Mivukuto ya Fundi Shabani bado inapumua kwenye vinanda vinne ninavyovijua.

Sasa niwaambie kuhusu Usinge, maana ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kutoka stesheni ya Usinge unakwenda kwa bodaboda hadi kijiji kimoja pembeni mwa msitu wa hifadhi. Hapo kuna kanisa, na wakati ule lilikuwa limejengwa upya kwa matofali ya kuchoma. Askofu alikuwa aje kulitabaruku. Katibu wa kanisa, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alinipigia simu nikatengeneze kinanda chao kabla ya siku hiyo. Nilipanda treni.

Kinanda kilikuwa cha zamani mno, cha mbao nyeusi, kililetwa na wamisionari ambao hakuna anayekumbuka sura zao. Mpigaji wake alikuwa Mama Veronika, mjane aliyeanza kuzeeka, mwembamba, miguu mikubwa ya kukanyaga. Alikuwa amekipiga miaka arobaini, na kwaya yote aliifundisha yeye, kuanzia waimbaji walio na wajukuu mpaka wale wa shule ya msingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nimekula nini njiani. Kisha akasema:

"Baba, kinanda kinavuja upepo tu. Sauti zake usiziguse, ziko sawa."

Nikatoa kipimo changu. Nikapiga mi, ile ya do-re-mi, taa nyekundu. Nikapiga la, nyekundu. Ti, nyekundu. Nikamwonyesha. Aliitazama ile taa kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenzake.

"Hiyo taa imewahi kuimba?" akauliza.

Waimbaji waliokuja kutazama wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza, kwa upole wa mtu mwenye stashahada, kwamba masikio huzoea kosa mpaka yakaliona ni haki. Akaniachia kiti. Nikafanya kazi siku mbili.

Nieleze kidogo, maana ni hapa kosa lilipo. Ndani ya kinanda cha namna ile, kila sauti ina ulimi wake wa shaba unaotetemeka upepo ukipita. Ukikwangua ulimi karibu na ncha, sauti inapanda. Ukikwangua karibu na shina, inashuka. Kila mkwaruzo unaondoa shaba, na shaba iliyoondoka hairudi. Mi, la na ti zilikuwa chini kidogo ya kipimo, basi nikazikwangua nchani, zote, za chini na za juu, mpaka taa ikawa kijani toka mwanzo hadi mwisho. Nikatia mivukuto mipya ya tumbo la mbuzi. Katibu akanishukuru mbele ya watu, nikapewa asali na jogoo, nikapanda treni nikiwa nimeridhika.

Baada ya wiki tatu katibu akapiga tena simu. Kwaya imeharibika, akasema. Sauti ya pili wanavuta chini, kila wimbo unakwenda kombo, na askofu anakaribia. Akanitumia na rekodi. Akaeleza kwamba wazee wa kanisa wameona tatizo ni Mama Veronika: umri umekwenda, masikio yameota nyasi. Yeye katibu ana mpwa wake aliyesomea Kaliua, ana kinanda cha umeme chake mwenyewe, angeweza kushika nafasi. Kilichokosekana ni neno la mtaalamu. Je, ningeweza kuwaandikia barua, mimi mwenye stashahada, kwamba kinanda ni kizima?

Niliandika. Sitawaficha. Niliandika aya tatu kwa Kiswahili safi, nikasema kinanda kimepimwa kwa vifaa vya kisasa na hakina kasoro yoyote, nikapiga muhuri. Kila neno lilikuwa kweli kwa mujibu wa taa yangu. Nikaituma na mtu wa treni.

Rekodi nilikuwa sijaisikiliza. Niliisikiliza siku iliyofuata nikiwa nakunywa chai, kwa ajili ya kutikisa kichwa tu. Nikasikia kinanda kinaanza, wakaingia waimbaji, na kweli sauti ya pili ilikuwa chini ya kinanda. Lakini ilikuwa chini kwa kipimo kilekile kila mara. Mtu aliyepotea hupotea ovyo, leo huku kesho kule. Hawa walikuwa wamesimama mahali pamoja, wanawake kumi na zaidi, imara kama mlingoti, na kinanda ndicho kilikuwa kimehama.

Pale ikaja sehemu ambapo kinanda kinanyamaza na kwaya inabaki peke yake, ubeti mzima. Vijana, ule ubeti ulitulia. Kwa kawaida sauti mbili zikipishana kidogo husikika zikigombana, wau wau wau, kama mbwa wawili uani. Katika ubeti ule hapakuwa na mbwa. Nikaijua sauti ile. Ndiyo Kantori aliyoisifia kurasa na kurasa: mi iliyokaa chini kidogo, ikalala juu ya do bila ugomvi wowote. Sauti zote za kinanda haziwezi kupatana kikamilifu kwa pamoja, lazima kosa dogo libaki mahali. Kipimo changu cha kisasa hugawa kosa hilo sawasawa kwa sauti zote ili upige wimbo wa ngazi yoyote, popote do inapoanzia. Watu wa zama za Kantori walisafisha zile ngazi chache zinazotumika na kuziacha nyingine zilie. Fundi fulani wa misheni alikilinganisha kinanda kile kwa namna hiyo ya kale, na Mama Veronika akaifundisha kwaya yake namna hiyohiyo miaka arobaini, kwa ngazi tatu walizokuwa wakiziimba. Nami nimekwenda nimekwangua.

Nikafungua daftari kuona Kantori anasemaje. Sura ya nne. Nilikuta nimenakili kichwa chake tu, kinachosema fundi akae kwanza na waimbaji Jumapili nzima bila kifaa mkononi. Chini yake, badala ya sura yenyewe, nimeandika kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Hii si ya kazi, ruka."

Barua ilikuwa imeshafika Usinge. Kikao cha halmashauri kilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilipiga simu kwa katibu mara mbili, akaniambia nisihangaike, neno langu limetosha. Basi nikapanda treni.

Nilifika kikao kimeanza. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ndani ya kanisa jipya, wazee tisa, mwenyekiti katikati. Mama Veronika alikaa pembeni peke yake, mikono mapajani, viatu vyake vya kukanyagia kinanda miguuni. Katibu alikuwa amesimama anasoma barua yangu. Alipoona nimeingia alifurahi, akadhani nimekuja kuongeza uzito. Akamaliza kusoma, akataja stashahada yangu, akataja Ujerumani. Mwenyekiti akamuuliza Mama Veronika kama ana la kusema.

"Mimi sina karatasi," akasema. "Nilisema zisiguswe. Nikaambiwa masikio yamezoea kosa. Labda ni kweli. Kama mnaona nimechoka, niambieni nimechoka, msiseme ni masikio."

Nikaomba nafasi. Katika maisha yangu nimezungumza mbele ya maprofesa, lakini siku ile sikutaja stashahada.

Nikasema, "Wazee wangu, barua hiyo ni yangu na muhuri ni wangu, naomba niiondoe. Kinanda nilikiharibu mimi. Mama alinionya, sikumsikiliza kwa sababu nilikuwa na taa. Kwaya haijapotea. Wao ndio wamebaki mahali pao."

Katibu akasema fundi amechoka na safari. Mzee mmoja akauliza kwa Kinyamwezi kama nasema kweli au namwonea huruma mjane. Swali la haki kabisa. Nikajua maneno hayatoshi. Nikamwomba Mama Veronika awasimamishe akina mama wa sauti ya pili waliokuwa nje wakisubiri, waimbe mi moja tu, waishike. Nikakanyaga kinanda, nikapiga do peke yake, wakaingia na mi yao. Ikatulia, kanisa zima likajaa. Kisha, wakiwa bado wameshika, nikaongeza mi yangu ya taa ya kijani. Wau wau wau. Hata mtoto angeisikia. Nikaiachia, ikatulia. Nikaipiga, wakaanza mbwa. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu yule mzee wa Kinyamwezi aliinua mkono kwamba basi, inatosha, imeshamkera.

Mwenyekiti akauliza kama inarekebishika. Nikasema inarekebishika kwa hatari, kwa sababu ulimi uliokwanguliwa nchani ukikwanguliwa tena shinani unabaki mwembamba na unaweza kukatika. Askofu alikuwa aje baada ya siku sita.

"Anaanza lini?" akauliza Mama Veronika. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mwenyekiti.

Nilifanya kazi siku nne. Kipimo nilikiacha Tabora. Sikuwa na sauti ya zamani ya kufuata, nilikuwa nimeifuta mwenyewe, lakini akina mama walikuwa nayo kooni. Walikuja kwa zamu na majamvi na nyungo za karanga za kubangua, wakakaa nyuma yangu. Mama Veronika anasema "mi", wanashika mi huku wanabangua, nami nakwangua shina, napuliza, nasikiliza, nakwangua tena, mpaka mbwa wanyamaze. Zilikatika ndimi mbili. Nilituma ujumbe Tabora kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, rafiki yangu wa dukani, aliyekuwa na kinanda kibovu cha mkono cha nyimbo za hekalu lao. Akaing'oa sahani nzima ya ndimi akaipakia kwenye treni, na ujumbe kwamba zimeimbia miungu yake miaka thelathini, nisizishangae zikiwa na lafudhi. Nikazichonga zikaingia.

Katika siku hizo nne Mama Veronika hakunisema hata neno la lawama, na hakunisifu. Siku ya pili nilikosea la, nikaishusha mno. Akasema tu, "Umepita." Nikarudi nyuma. Mnaponiuliza kuhusu walimu wangu, huyo ni mmoja, na somo lake refu kuliko yote lilikuwa neno moja.

Askofu alikuja, kanisa likatabarukiwa, kwaya ikaimba. Sauti ya pili iliingia ikalala palepale pake. Mimi nilikaa mwisho wa kanisa bila kifaa mkononi, kama sura ya nne inavyotaka, nimechelewa miaka mingi. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na kwa mtu wa tabia yangu hilo lilihitaji mazoezi.

Vijana, mna vipimo vizuri kuliko changu. Vitumieni. Lakini kwanza kaeni Jumapili moja na wanaokitumia chombo. Kantori aliliandika hilo akiwa hai na hakusikilizwa. Mimi nililisoma kwa herufi za miiba, nikajivunia kulisoma, nikaliruka. Siku hizi nazipiga nyimbo zake mbili tatu jioni nyumbani. Si nyimbo kubwa. Zinakaa chini ya mkono vizuri, na mi zake ni tamu.

Mama Veronika alikaa kwenye kiti kile miaka sita mingine. Mpwa wa katibu alimwendea mwenyewe kuomba kufundishwa, naye Mama akamsimamisha na sauti ya pili mwaka mzima kabla hajamruhusu kugusa kinanda. Jumapili moja, magoti yalipokataa kukanyaga, Mama alimaliza wimbo wa kutokea, akafunga kifuniko, akavua viatu vyake vya kukanyagia akamwachia kijana pale chini ya kinanda. Akatoka pekupeku mlangoni, akamwambia mwenyekiti, "Sasa ndiyo nimechoka."